Mkate Unaoangukia Makaa

Kila jioni ya Ramadhani, nyumba ya Tahiya kule Mkunazini inanukia ufuta. Mkate wa ufuta hubandikwa kikaangoni. Ukishika chini, kikaango hupinduliwa juu ya makaa, uso nao uive. Mkate wa ngano hunata, hauanguki.

Lakini mwaka huu daktari amemkataza ngano Muzdalifa, binti yake. Inamuumiza utumbo, hata iwe chembe. Mtoto anakula pembeni na bakuli lake.

"Mama, nami nataka kumega sinia moja na wenzangu."

Tahiya akaamua mkate wa nyumba nzima uwe wa mchele. Akakanda unga mpaka mikono ikamuuma. Akabandika, akapindua. Pu! Mkate wote ukaingia motoni.

"Leo jiko limefuturu kabla yetu!" alicheka shemeji yake, Mansour.

Tahiya hakucheka. Kosa liko wapi? Jana aliongeza unga, mkate ukapasuka. Leo ameongeza tui, umeanguka. Akalitazama kopo la ngano.

"Nikitia konzi moja tu, ya kushikia..."

"Wewe! Acha hapo hapo!"

Alikuwa jirani yao, Bi Shemsa, mpika halwa. Alileta bakuli la uji.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba. Konzi hiyo itamlaza mtoto. Kitendawili!"

"Tega," alijibu Tahiya, hoi.

"Hana mikono, lakini ashika."

"Gundi?"

"Utamlisha mtoto gundi? Nipe mji."

"Chukua Mkokotoni."

"Nshakwenda Mkokotoni, nshakula samaki, nimerudi. Jawabu ni wanga."

"Wanga? Unga mweupe wa halwa?"

"Naam. Ngano ina mnato wake, ndiyo maana tunaikanda. Mchele hauna. Ukande mpaka Idi, hautanata. Utie cha kushikisha."

"Sasa nautiaje? Mkavu?"

"La! Koroga vijiko viwili kwa maji baridi. Weka motoni, ukoroge mpaka uwe ute mzito unaong'aa. Upoe. Kisha changanya na unga wa mchele, tui, hamira na yai. Yai nalo linashikisha. Uache uumuke. Na chekeche lako lina ngano, tumia jipya. Kikaango kisugue khasa."

Kesho yake Tahiya akafanya vile vile. Akabandika, akanyunyiza ufuta. Akafumba macho, akapindua.

Kimya.

"Mama, fumbua macho," alisema Muzdalifa. "Umeng'ang'ania!"

Magharibi, Muzdalifa alikaa kwenye sinia, katikati ya wenzake. Akamega, akachovya mchuzini. Kipande hakikuvurugika. Mansour alishakula vitatu.

"We mtoto, nani kakuruhusu ngano?"

"Si ngano, Ami. Mchele."

"Mchele gani unanata hivi? Umeshikwa na nini?"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Hana mikono, lakini ashika."

Mansour akatafuna. Akakitazama kipande huku na huku. Akamtazama Tahiya, aliyejitia kumimina chai.

"Nimeshindwa. Chukua Matemwe."

"Mdogo huo," alisema Muzdalifa, mdomo umejaa mkate. "Nipe Unguja nzima."