Wakaidi wa Benchi la Kati

Fundi cherehani alirudi kutoka zahanati jicho likiwa jekundu vilevile. Mumewe, seremala, aliweka randa chini.

"Umepewa dawa?"

"Sijaonwa. Karani anasema aliniita kwenye spika nikanyamaza. Eti nikazibue masikio kwanza, macho baadaye."

"Hii mara ya pili, mama watoto."

"Si mimi tu. Wagonjwa wa macho wote tunakalishwa benchi la kati. Wametubandika jina, wakaidi."

Seremala alipandwa na hasira. Mkewe alikuwa ameanza kushona mishono iliyopinda. Jicho likiharibika, kazi nayo imekwisha. Halafu anatukanwa?

Asubuhi walikwenda zahanati pamoja na jirani yao, Mama Redio, anayetengeneza redio na spika, akazisikilize hizo spika mwenyewe.

Ukumbi wa kusubiri ulikuwa na spika mbili, moja ukuta wa kushoto, moja wa kulia. Mama Redio alisimama karibu na ukuta, akamsikia karani vizuri. Akaenda benchi la kati. Hapo sauti nzito ya karani ikawa nyembamba, ikamezwa na kelele za watu.

Alikwenda kwenye dirisha la karani. "Spika hizi alizifunga nani?"

"Mimi," karani alijibu. "Zilishushwa ukuta upakwe rangi, nikazirudisha."

"Ulifuata rangi za waya?"

"Waya ni waya, mama."

"Basi umegeuza waya za spika moja. Sikiliza. Sauti ni mawimbi ya hewa. Spika husukuma hewa, kisha huivuta. Zote mbili zikisukuma pamoja, mawimbi yakikutana pale katikati yanaongezeana nguvu. Lakini hapa moja ikisukuma, nyingine inavuta. Mawimbi yanakutana yakipingana, yanafutana. Sauti nzito kama yako ndiyo inayopotea zaidi."

"Sauti inafuta sauti?" karani aliguna.

"Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja," seremala alidakia, "huyu ndani, yule nje. Jasho tele, mlango umesimama. Na lawama anapewa mke wangu."

Mama Redio alizima mashine ya kukuza sauti, akabadilisha waya za spika moja, akaiwasha tena mashine. Karani alipoita tena, sauti ilijaa hadi benchi la kati. Zamu ya fundi cherehani ilipofika, aliinuka papo hapo. Alitoka na dawa mkononi. Daktari alimwambia jicho litapona, ila angezidi kuchelewa lingeharibika kabisa.

Seremala hakuondoka. Alimgeukia karani.

"Umewarudisha wangapi nyumbani na magonjwa yao? Uliwasema kwenye spika. Waombe radhi kwenye spika."

Karani akashika kipaza sauti.

"Wagonjwa wa benchi la kati, hamkuwa wakaidi. Kosa lilikuwa langu. Wenzenu niliowarudisha waambieni waje, wataonwa kwanza."

Kisha bibi mmoja wa benchi la kati akakohoa.

"Hebu rudia, mwanangu. Leo tunasikia vizuri."