Viatu vya Damu ya Mzee

"Nzilani, usiniambie bado uko Kibera."

"Ndio kwanza nimetoka kuoga, Kanini. Kwani kuna nini?"

"Msichana mmoja ameniangusha. Nilipanga wasichana wa kufunikwa leso, sasa amepungua mmoja na wageni wako njiani. Aki kuja. Panda boda, nitalipa ukifika."

"Si ulisema hutaki tumjue huyo bwana wako mpaka siku ifike?"

"Na si imefika? Kuja umwone huyu Kavoi wangu. Hutaamini."

Na kweli hakuamini, lakini tusikimbie mbele.

Nzilani alikuwa amerudi wiki hiyo kutoka chuo Eldoret, likizo ya Disemba. Kanini alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi, wakikalia dawati moja na kugombania rula moja. Baadaye Kanini alihamia Kawangware kwa shangazi yake, akafungua saluni ndogo. Mwaka mzima alikuwa akimtaja huyo Kavoi kwa simu, Kavoi hivi, Kavoi vile, na kwa status anaweka picha ya mgongo tu. Ukiuliza uso uko wapi, anakwambia watu wana macho mabaya.

Mama yake Nzilani alikuwa mlangoni, pale Laini Saba, Kibera, akichagua maharagwe.

"Na hiyo mbio ni ya wapi?"

"Kwa Kanini, mum. Leo wanaletewa mbuzi za ntheo."

Kwa Wakamba, mbuzi hao watatu ndio humfanya msichana aitwe bibi ya mtu. Pete ni mapambo. Mbuzi akishachinjwa na kuliwa kwenu, mambo yameisha.

"Nenda ujifunze," mama akasema, akitabasamu na maharagwe yake. "Yako pia haiko mbali. Mutinda alikaa kwa hicho kiti akaniambia kwa mdomo wake, hii likizo wazee wanakuja."

"Mum, wacha."

Lakini Nzilani alikuwa anacheka. Alimpenda Mutinda tangu amalize kidato cha nne. Mutinda alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha hapo hapo Laini Saba, na kaka yake Nzilani, Kyalo, alifanya kazi naye kwa banda moja. Asubuhi hiyo Mutinda alikuwa amemtumia meseji: "Sasa mrembo. Nimefika Kitui kwa susu, ni mgonjwa sana. Network ya huku ni mbaya, usijali nikipotea. Nakupenda." Susu kwa Kikamba ni nyanya. Kyalo naye alikuwa ametoka mapema, akasema wanaenda kufunga geti Kitengela.

Nzilani akavaa viatu alivyotumiwa na Mutinda siku yake ya kuzaliwa. Vilikuwa vya rangi ya damu ya mzee, na kipepeo kidogo cha ngozi hapo juu ya vidole. Vizuri sana, ila vilipwaya. Ilibidi aweke pamba ndani.

"Mwanaume gani anajua saizi ya mguu," mama yake alisema siku hiyo. "Shukuru ameleta."

Kule Kawangware, Aunty Ndululu, yule shangazi yake Kanini, alimdaka mlangoni.

"Wewe ndio ule wa mwisho? Ingia. Hakuna kusalimiana, wako kwa geti."

"Kanini yuko wapi?"

"Ameshafunikwa. Ukimwona hapo kwa laini, hutamjua, na ndio maana yake. Bwana anatakiwa amtoe bibi yake katikati yenu. Akikosea ni faini, na mimi hiyo faini naitaka. Usikohoe, usicheke."

Leso ikaja juu ya kichwa, ya pili, ya tatu. Nzilani akawa haoni kitu isipokuwa kipande cha sakafu mbele ya vidole vyake. Wakapangwa uani kwenye plot, wanawake wakaanza kuimba.

Aliona kwato za mbuzi waliokataa kuingia. Akaona buti za anayewavuta, zimetobolewa na cheche za moto. Akafikiri, Kyalo ana buti kama hizi. Kisha akajicheka, maana buti za mafundi zote hufanana. Halafu vikaja viatu vyeusi, vipya, vimepakwa rangi mpaka vinang'aa.

"Kijana," sauti ya mzee ikasema, "toa wako. Hatukuja hapa kubahatisha."

Vile viatu vyeusi vikapita msichana wa kwanza. Vikapita wa pili. Vikafika mbele ya Nzilani vikasimama, na mkono ukamshika bega.

"Ni huyu. Hata sina haja ya kuangalia wengine."

Ilikuwa sauti ya Mutinda.

Sasa tafadhali usimcheke. Akili ya mtu anayependa hufanya hesabu zake yenyewe. Pale chini ya leso Nzilani aliunganisha yote: haraka ya Kanini, lile neno lake hutaamini, buti za Kyalo, Kitui isiyo na network, na wazee walioahidiwa. Akasema moyoni, kumbe ni mimi. Wamenipangia. Hizi mbuzi ni zangu. Na machozi yakamtoka ya furaha, akawa anajilaumu kwamba hakuvaa nguo nzuri zaidi.

Aunty Ndululu akavuta leso.

Mutinda alikuwa anatabasamu. Tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yakakimbia. Akamwachilia bega.

"Pole, dada," akasema. "Nimekosea."

Wanawake wakaangua kicheko, wakaanza kuitisha faini. Nzilani hakusikia chochote.

"Dada?" akauliza. "Mutinda, mimi umeniita dada?"

Kicheko kikapungua upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Mnajuana?" Aunty Ndululu akauliza.

"Huyu ni... ni dada ya fundi mwenzangu. Dada ya Kyalo."

Watu wakageuka kumtazama Kyalo. Kyalo alikuwa ameshika kamba akimwangalia mbuzi.

Mwisho wa laini, Kanini akajifunua mwenyewe, akatupa leso chini.

"Kavoi, si nilikwambia uangalie viatu? Nilikwambia jana usiku, angalia vile viatu ulininunulia, ndio usilipe faini. Sasa ulikuwa unaangalia ni..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yameshuka mpaka miguuni mwa Nzilani. Na macho ya watu wote uani yakashuka nayo, kisha yakahamia miguu ya Kanini, yakarudi. Damu ya mzee hapa, damu ya mzee pale. Kipepeo hapa, kipepeo pale.

"Hizo umenunua wapi?" Kanini akauliza polepole.

"Sikununua. Nilitumiwa na huyu. Birthday yangu."

"Aliniambia ametafuta Nairobi nzima. Kwamba ilikuwa imebaki pea moja tu."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo."

"Nzilani," Mutinda akasema, "tafadhali, tuongee kando."

"Kando wapi? Wewe uko Kitui."

Akatoa simu, akasoma ile meseji ya asubuhi kwa sauti, kutoka sasa mrembo hadi nakupenda. Mzee aliyewaongoza wageni, Mzee Mbuvi, ndugu ya baba yake Mutinda, alikuwa ameegemea fimbo.

"Hebu rudia hapo kwa susu," akasema.

"Nimefika Kitui kwa susu, ni mgonjwa sana."

"Mutinda Kavoi," mzee akasema, akiunganisha jina la Laini Saba na lile la Kawangware, "mama yangu tulimzika. Wewe mwenyewe ndiye ulibeba msalaba."

"Nataka kujua kitu kimoja," Kanini akasema. "Ungeoa nani?"

"Wewe. Si ndio maana nimekuja na wazee?"

"Na huyu?"

"Ningemwambia. Nilikuwa natafuta siku."

"Mama yangu anachagua maharagwe akingoja wazee wako," Nzilani akasema. "Kila siku anapangusa kile kiti. Ulikuwa unatafuta siku gani?"

Kanini akamgeukia Nzilani, uso umeiva kwa hasira.

"Na wewe ulijua? Ulikuja hapa ukijua, ndio uniharibie?"

"Kanini, ni wewe uliniita."

Kanini akakaa chini palepale juu ya zile leso akalia, na Nzilani alipomkaribia akamsukuma mkono. Hapo ndipo Nzilani alipojua kwamba siku hiyo amepoteza zaidi ya mtu mmoja.

Aunty Ndululu akaenda kwa mwanaume aliyekuwa ameshika kisu tayari, akakichukua.

"Hapa hakuna mbuzi anachinjwa. Akishaliwa, msichana wetu ametoka, na mimi sitoi msichana kwa mtu anaoa kwa viatu. Mzee, nisamehe, lakini hizi mbuzi zirudi zilikotoka."

"Hujanikosea," Mzee Mbuvi akasema. "Kyalo, vuta mbuzi."

Kyalo akavuta. Mbuzi walewale waliokataa kuingia sasa wakakataa kutoka.

Jioni, pale Laini Saba, Kyalo aliingia nyumbani akakuta dada yake na mama wamekaa, chakula kiko kwa sufuria.

"Ulijua," Nzilani akasema.

"Nilidhani atakwambia yeye mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Nzilani, usifanye hivyo."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu Agosti. Alisema ukimaliza chuo utamdharau. Kwamba mtu wa chuo hawezi kukaa na mchomeleaji. Kanini ana saluni yake, ako hapa hapa Nairobi, hana maneno mengi."

"Aliniuliza kama nitamdharau? Wewe uliniuliza?"

"Mashine ya kuchomelea ni yake. Ningesema nini? Nikikosana na yeye nitakula wapi?"

"Yeye ni mtu wa nje, Kyalo. Anaweza kunidanganya, na mimi nikalia, ikaisha. Lakini mimi na wewe tumenyonya ziwa moja. Asubuhi uliniangalia machoni ukaniambia Kitengela."

Kyalo akanyoosha mkono kuchukua sahani.

"Hayo maharagwe nilichagua nikingoja wakwe," mama akasema, wala hakupaza sauti. "Rudisha sahani. Leo utakula kwa mwenye mashine."

Kyalo akarudisha sahani, akatoka.

Simu ya Nzilani ikaita, akaikata. Ikaingia meseji: "Nzilani nisamehe. Nilichanganyikiwa. Lakini ata wewe umeona, mbele ya watu wote, wasichana wote wamefunikwa, ni wewe nilichagua. Moyo unajua wenyewe."

Aliisoma mara mbili. Na nisikufiche, mara ya pili iliugusa moyo wake, maana moyo hauna aibu. Alikaa na ile simu mkononi, akakumbuka zile sekunde chini ya leso alipokuwa mke wa mtu. Kisha akaandika: "Hukunichagua mimi. Ulichagua viatu." Akatuma, akamblock.

Krismasi ikapita bila ladha. Mwaka ulipokuwa unaisha, mchana mmoja, Kanini akatokea mlangoni na mfuko wa karatasi. Macho yamevimba, nywele hazijashughulikiwa, na huyo ni mtu wa saluni.

"Sasa," akasema.

"Poa. Ingia."

Hakuingia.

"Nilifanya vibaya kukusukuma. Nilijua hukujua. Nilitaka tu mtu mwingine awe na makosa."

"Najua. Hata mimi kwa boda nikirudi nilikuchukia mpaka nikafika."

"Nimeleta vile viatu. Nilitaka tutupe pamoja, vyangu na vyako. Hata sivipendi. Vilikuwa vinanibana, nimetembea na malengelenge tangu anipe, nikijiambia vitafunguka."

Nzilani akamwangalia.

"Vinakubana?"

"Vibaya sana."

"Vyangu vinapwaya. Mimi naweka pamba."

Wakatazamana. Nzilani akaingia ndani akatoa vyake chini ya kitanda, akavigeuza. Kanini akageuza vyake. Kila soli ilikuwa na namba yake.

"Wewe unavaa ngapi?"

"Thelathini na tisa."

"Hizi nimekuwa nikivaa ni thelathini na tisa. Mimi ni thelathini na saba."

"Hizi zangu ni thelathini na saba."

"Kanini, huyu mtu alijua saizi zetu. Alizijua vizuri kabisa."

"Akachanganya wakati wa kufunga."

Kanini ndiye aliyeanza kucheka. Nzilani akafuata, wakacheka mpaka wakashikana, mpaka mama akatoka na mwiko mkononi kuuliza kama kuna mtu amerukwa na akili. Halafu kicheko cha Kanini kikageuka kilio katikati, na safari hii hakumsukuma mtu.

"Mwaka mzima mimi nimebanwa na mapenzi yako," akasema akipangusa pua.

"Na mimi napwaya kwa yako."

Mama akaviangalia viatu, akavifinya ngozi kama anayenunua.

"Na hizi ndio mnataka kutupa?"

"Ndio, mum."

"Ngozi imewakosea nini? Badilishaneni muende mkanunue soda. Nyumba imejaa huzuni, hata sina pa kuweka sufuria."

Wakabadilishana. Nzilani alitoa pamba, akaingiza mguu, na kiatu kikamshika vizuri tangu kidole hadi kisigino. Akahisi uchungu kidogo kwamba kumbe kingeweza kumtosha hivi tangu mwanzo.

Njia ya kwenda dukani inapita kwa mafundi. Banda la Mutinda lilikuwa wazi, yeye ameinama juu ya dirisha na miwani yake nyeusi ya kuchomelea, cheche zinaruka. Kyalo hakuwepo. Tangu ile jioni ya maharagwe alikuwa ameenda kutafuta kazi kwa fundi mwingine kule Ayany, na dada yake alikuwa bado hajamsemesha.

Mutinda aliona miguu kwanza. Akazima moto, akainua miwani, akatazama pea moja ya damu ya mzee na pea ya pili kando yake, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuita jina, ila hakujua aanze na lipi.

Hawakusimama, wala hawakukimbia. Walipita wakiongea habari za saluni na za kufungua chuo, maana sasa hakuna kiatu kilichokuwa kinabana wala kupwaya.