Adrisi Aliyeezua Kabla ya Mabati

Asubuhi hiyo Ramula hakuketi. Alikoroga uji, akatoka nje kutazama mlima Masaba, akarudi kumfunika mtoto wake wa siku tisa. Mawingu yalikuwa yameshuka tena. Na nyumba yao ya Malukhu, jamani, haikuwa na paa.

Mwenye kosa ni Adrisi, mumewe. Alisikia sokoni kwamba serikali imeondoa ushuru wa ziada kwenye mabati ya kutoka ng'ambo. Basi, mtu huyo hakungoja. Siku ileile aliezua nyasi zote, akawatambia majirani kwamba sasa atalala chini ya bati. Alipofika dukani kwa Chimanlal, bei ilikuwa ileile. Akarudi akifoka kwamba mwenye duka anamwibia.

Ramula hakuridhika. Alimwita jirani yao Gaster, karani wa mizigo pale stesheni ya treni.

Gaster alieleza taratibu. Kiwanda kimoja cha ng'ambo kilikuwa kikiuza mabati huku kwa bei ya chini kuliko ya kwao, ili viwanda vya huku vife. Ni kama mchuuzi anayeuza ndizi kwa hasara mpaka jirani yake aondoke sokoni, kisha apandishe bei. Ndiyo maana serikali iliweka ushuru wa ziada. Sasa kiwanda kimeacha mchezo huo, na ushuru umeondolewa.

"Mbona bei haijashuka?" Ramula aliuliza.

"Ushuru hulipwa bandarini, mama. Mabati yaliyo dukani yaliingia zamani, yakalipiwa. Yasiyo na ushuru huo bado yako njiani. Ngojeni treni."

"Na mvua nayo itangoja treni?"

Adrisi aliinamisha kichwa. Aliona haya kurudisha nyasi mbele ya watu aliowatambia. Ramula alimwambia wazi kwamba haya haimkingi mtoto mvua. Kabla ya jua kuchwa, chumba cha kulala kilikuwa kimeezekwa nyasi tena. Kesho yake mvua ikamwagika, mtoto akalala mkavu.

Wiki sita baadaye Gaster alileta habari za shehena mpya. Adrisi alikwenda dukani, akauliza kwanza mabati yaliingia lini. Bei ilikuwa imeshuka kweli. Akanunua, akaezeka nyumba nzima.

Mwaka uliofuata zikavuma habari kwamba ushuru wa baiskeli utapunguzwa. Ramula alitoka nje mbio. Alimkuta Adrisi akiitia upepo baiskeli yake kuukuu.

"Hii siiuzi," alisema, "mpaka treni ifike."

Akapanda, akaenda kazini.