Ndoo Mbili za Machicha

Kila asubuhi Theopista humkatia majani ng'ombe wake, Pendo, humkamua, kisha hukaa kwenye kigoda na kushika simu. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mbili, kwenye darasa la watu wazima la parokia. Tangu hapo hapitwi na maandishi. Hata mfuko wa chumvi huusoma wote.

Jumamosi moja jirani alipika mbege, pombe ya ndizi, kwa ajili ya kipaimara, akampa machicha yaliyobaki baada ya kuchuja. Theopista akaingia kwenye mtandao, kwenye Jukwaa la Wafugaji wa Mlimani. Mfugaji mmoja, Eliamini, alikuwa ameandika: "Machicha ya mbege yanaongeza maziwa. Mpe ndoo mbili kwa siku." Akampa Pendo ndoo zote mbili.

Saa sita mchana Pendo aligoma kula. Ubavu wa kushoto ulivimba, ukawa mgumu. Sirili, mume wa Theopista, akampigia simu bwana mifugo. Kisha akafungua jukwaa kwenye simu yake.

"Mama Denis, hapa imeandikwa nusu ndoo."

"Mimi nilisoma ndoo mbili."

"Nusu. Tazama mwenyewe. Kusoma bado kunakushinda, kubali tu."

Theopista akatazama. Nusu kweli. Akazima simu, akaiwasha. Akatoka bandani, akarudi, akatoka tena. Alimwonea Pendo uchungu, lakini maneno ya Sirili yalimchoma zaidi. Na somo alilosoma kanisani mbele za watu? Na barua za shule za mwanawe Denis? Pengine yote aliyasoma vibaya.

Primus, bwana mifugo, akafika na pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo haraka."

Primus alimpitishia Pendo mpira mdomoni hadi tumboni. Gesi ikatoka. Akampa dawa.

"Machicha mengi kwa mara moja yanachacha tumboni," alisema. "Chakula kigeni unaanza na kidogo sana, tena unatuuliza kwanza."

"Niliuliza jukwaani. Likaniambia ndoo mbili."

Sirili akaguna. Primus, ambaye pia ni msimamizi wa jukwaa hilo, akatoa simu yake, akabonyeza hapa na pale.

"Eliamini alibadilisha andiko lake leo saa nne na nusu. Mwanzo aliandika ndoo mbili. Ulisoma sawasawa, mama."

Theopista akakaa juu ya majani. Hasira zikampanda.

"Mbona wewe unaona, mimi sioni?"

"Tunaona wasimamizi tu. Mwaka jana mama mmoja aliandika kuhusu ugonjwa wa binti yake, akajuta, akafuta. Tungeonyesha kila kitu, watu wangeendelea kuusoma."

"Hiyo ificheni. Siri ya mtu ni yake. Lakini huu ni ushauri, na watu wameshaufuata. Ukiubadilisha kimya kimya, aliyeufuata anaonekana mjinga nyumbani kwake."

"Wengine wataona aibu kusahihisha makosa yao."

"Na mimi aibu yangu je?"

Primus akarudisha simu mfukoni. "Andika hivyo jukwaani, mama."

Aliandika. Watu wakabishana siku nne. Theopista alichungulia simu hata akiwa anakamua. Eliamini mwenyewe akajitokeza, akaomba radhi. Alidhani kurekebisha kunatosha.

Siku ya tano wasimamizi wakakubaliana. Sasa andiko likibadilishwa, chini yake hutokea neno "Imehaririwa". Ukilibonyeza, unaona la mwanzo na saa lilipobadilishwa. Mwenye jambo la siri huomba wasimamizi walifiche.

Pendo alipona, maziwa yakarudi polepole. Wiki iliyofuata Sirili alikuja bandani na simu yake.

"Mama Denis, huu ushauri wa minyoo una Imehaririwa. Nisomee la mwanzo, kisha tumpigie Primus."

"Si unajua kusoma?"

"Najua." Sirili akatazama chini. "Siku ile nilisema kunakushinda. Nilikosea. Unasoma vizuri."

Theopista akapokea simu.

"Sawa. Lakini lile neno lako la kwanza silifuti," alisema. "Yote mawili yanabaki."

Akabonyeza, akaanza kusoma kwa sauti.