Vifungo vya Ukutani

Jumamosi ile mkahawa wa kona ya Mtaa wa Cuba ulifurika hadi Heni Waitoa akalazimika kunywa kahawa yake huku amebana kiwiko. Alivaa koti la mvua la kijani, jinzi iliyopauka magotini, na hereni za jiwe la kijani alizopewa na bibi yake kule Gisborne. Vijiko vikaanza kulia kwenye visahani. Kisha sakafu ikasukumwa upande, na bila kelele yoyote mkahawa mzima ukaingia chini ya meza, kama watu wa Wellington wanavyofanya.

Chini ya meza yake akakuta kuna mwanamume tayari. Mabega mapana, shati la maua ya bluu lililomkaa vizuri ajabu, na utepe wa kupimia nguo shingoni.

"Samahani dada, hapa pana mtu," akasema yule.

"Hapa ni kwangu. Kikombe cha juu ni changu."

"Kilikuwa chako. Sasa kahawa yote iko kwenye kiatu changu."

Tetemeko likapita. Watu wakabaki wameinua macho wakitazama taa zinavyobembea, na mchezo wa mji ukaanza: kila mtu akisie ukubwa kabla mtandao haujatangaza, na atakayekosa zaidi anunue kahawa.

"Nne nukta sita," akasema Heni. Alikuwa mhandisi, kazi yake kukagua majengo ya zamani na kuyaimarisha yasije yakawaangukia watu, na hakuzoea kushindwa mchezo huu.

"Tano nukta mbili," akasema yule.

Simu zikatangaza tano nukta mbili. Heni akamtazama kwa jicho la pembeni. Mtu anayepatia namna hiyo ana lake jambo. Kahawa alinunua, jina akaliuliza, na namba ya simu akaitoa, maana shaka haijawahi kumzuia mtu kupenda.

Jina lilikuwa Lafaele Tuiasau, Msamoa wa kuzaliwa Newtown, fundi cherehani aliyerithi duka la baba yake. Alikuwa na maneno matamu na simu isiyochoka.

"Mhandisi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe uko wapi?"

"Dukani. Nakata gauni la harusi ya watu huku nakufikiria wewe."

"Basi angalia usijikate kidole. Nije nikuone?"

"Hapana, mpenzi. Nitakuja mimi."

Ikawa hivyo kila mara. Alimshonea gauni la rangi ya zambarau lenye shingo pana, lakini vipimo alikuja kuvichukulia nyumbani kwa Heni, na gauni akalileta mwenyewe kwenye mfuko. Mara duka lina vumbi, mara cherehani zinatiwa mafuta, mara kina mama wanaoshona pale wana maneno mengi. Heni akawa anacheka kwenye simu, na akikata, anakunja uso.

"Ana mke," akasema shangazi yake bila kuinua macho kwenye samaki aliyekuwa akimparua. "Mwanamume asiyekuonyesha mlango wake, mlango huo una mtu."

Heni hakulala raha. Siku moja ya kazi, saa ya chakula cha mchana, akavaa gauni lile la zambarau, akapanda basi hadi Newtown.

Duka alilipata upesi. Jengo la matofali la ghorofa moja, la zamani kuliko bibi yake, na mbele limepangwa visahani vya chuma vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Heni aliviona akapumua. Kila kisahani cha namna ile huwa kichwa cha nondo ndefu iliyopita ukutani na kufungwa kwenye mbao za sakafu, ili ardhi ikitikisika ukuta usijimwage barabarani. Kumbe mtu wake ni mtu makini, akajisemea.

Kisha akatazama tena. Sakafu ya juu ilikuwa usawa wa kibao cha duka. Visahani vilikuwa juu yake zaidi, katikati ya madirisha, vimepangika vizuri mno. Nyuma ya pale hapakuwa na sakafu wala paa, ni chumba kitupu. Nondo zile zimefungwa kwenye nini?

Mlango ukafunguka. Cheko la wanawake likatoka, na harufu ya nguo iliyopigwa pasi, kisha Lafaele mwenyewe, ambaye badala ya kumkumbatia alisimama akaziba mlango kwa mwili wake.

"Umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe. Nipishe niingie."

"Tuongelee hapa nje."

"Kuna nani ndani?"

"Kuna kina mama wanashona. Heni, kwa nini unatazama juu?"

"Natazama visahani vyako. Nani aliviweka?"

Uso wa Lafaele ukabadilika. Mwenye duka kubwa la jirani alikuwa anakitaka kiwanja kile kwa udi na uvumba, na mara mbili alishatuma watu waliojifanya wateja, macho yao hayatui kwenye nguo, yako kwenye matofali tu.

"Sema ukweli," akasema polepole. "Nani amekutuma?"

"Nimetumwa?"

"Katika watu wote wa mji huu, ni mhandisi ndiye anayekuja kujificha chini ya meza yangu."

"Meza yako? Wewe ndiye uliyekuwa chini ya meza yangu! Na ile tano nukta mbili uliipata wapi? Wewe ni mtu wa uongo, Lafaele. Nyumba yako ya uongo, na nguo hii sijui kama imeshonwa au imebandikwa."

Hilo la nguo lilimuuma kuliko yote. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Heni akalia ndani ya basi, mbele za watu, na wala hakujali. Mapenzi yalikuwa yanamuuma, ila kilichomkosesha amani ni lile cheko alilolisikia. Wale mama wanakaa chini ya ukuta ule kutwa nzima. Akampigia Lafaele.

"Sikupigii kama mpenzi. Nakupigia kama mhandisi. Watoe watu humo. Usipowatoa, nitakwenda halmashauri ya jiji nikaseme, na wewe utanichukia hadi kufa."

Papo hapo simu ikakatwa.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. "Njoo," akasema Lafaele. "Njoo na tochi."

Heni alikwenda na gauni lile lile la zambarau, akakuta duka tupu. Cherehani zote zilishahamishiwa ukumbi wa kanisa, na Mama Fuatino, mkubwa wa mafundi, ndiye aliyekuwa akibeba kiti cha mwisho.

"Ndiye huyu?" akamuuliza Lafaele, akimpima Heni toka juu hadi chini. "Gauni limemkaa. Usimgombeze tena."

Walipanda juu. Lafaele akashika nyundo, akaubomoa mwenyewe ukuta wa ndani, plasta ikamwagika kwenye nywele zake. Heni akamulika. Hapakuwa na nondo ndefu. Palikuwa na bolti fupi, haifiki hata katikati ya tofali, na ili isicheze tunduni ilikuwa imezungushiwa kitambaa. Kitambaa cha maua ya bluu.

Lafaele akakivuta, akakishika mkononi muda mrefu.

"Baba," akasema. "Tulikuwa na jora zima la hiki. Baada ya tetemeko kuubomoa mji wa Christchurch watu waliacha kuja dukani, wanaogopa matofali. Akaviweka, wateja wakarudi. Kila Krismasi alivipaka rangi. Mimi nilimshikia ngazi." Akakaa chini kwenye vumbi. "Ni vifungo vya urembo, Heni. Vile tunavyoshona kwenye koti, havina tundu, havifungi kitu."

"Ulijua?"

"Sikutaka kujua. Ndiyo maana sikukuleta. Ungeinua macho mara moja tu, na baba yangu angekuwa mwongo."

Heni alikuwa na maneno mengi ya hasira aliyoyabeba toka nyumbani. Yakamwisha. Akakaa naye kwenye vumbi na gauni lake la zambarau, akamshika mkono.

Lafaele alikwenda halmashauri kwa miguu yake, na lile bango la manjano linaloonya kwamba jengo halitahimili tetemeko akalibandika mlangoni mwenyewe, mwenye duka la jirani akimchungulia. Kazi ilisimamiwa na mhandisi mwingine, maana Heni alikataa. "Watasema nimekupendelea," alisema, "na kweli ningekupendelea." Zikaingizwa nondo zinazofika kwenye mbao, na fremu za chuma toka msingi hadi paa. Vile visahani vya zamani Lafaele hakuvitupa. Alivipanga juu ya meza ya kukatia, akawa anavitumia kugandamizia vitambaa.

Siku bango lilipotolewa, mchungaji aliomba pale dukani, meza zikajaa magimbi, nguruwe wa kuoka na tambi za sapasui za Mama Fuatino. Chakula kilikuwa hakijaliwa hata nusu wakati vikombe vilipoanza kulia. Watu wote wakaingia chini ya meza. Matofali yakanguruma, nondo zikakaza, na ukuta ukabaki mahali pake.

Heni na Lafaele walijikuta uso kwa uso. Lafaele akatoa simu yake, akamwekea Heni mkononi.

"Ile siku ya kwanza nilichungulia simu. Wewe ulikuwa unatazama taa."

"Nilikuwa najua tu."

"Leo sichungulii. Nikipatia, utaolewa nami?"

"Kisia."

Lafaele akafumba macho. "Sita nukta moja."

Heni akaangalia simu. Tatu nukta tisa. Akacheka hadi akagonga kichwa kwenye meza.

"Nimekosa?"

"Umekosa vibaya sana. Hakuna mtu aliyewahi kukosa hivi katika mji huu." Akamshika shavu. "Nimekubali."

"Basi kama mmemaliza," ikasema sauti ya Mama Fuatino toka meza ya pili, "tokeni humo. Chakula kinapoa."