Manjano ya Wamuyu

Kwetu Kibirichia, kila karatasi iliyoingia nyumbani ilisomwa na mimi. Barua ya kanisa, Kathambi asome. Maandishi ya mfuko wa mbolea, Kathambi asome. Kaka yangu Vincent amenitangulia darasa moja, lakini alipoitwa alikuwa ameshafika uwanjani zamani. Nyanya hakwenda shule, na Kiswahili chake ni cha kusalimiana sokoni tu. Basi mimi nilisoma na kumfasiria kwa Kimeru, na kazi hiyo ilikuwa imenifika hapa kooni.

Jumamosi moja nilitoka naye soko la Ruiri. Alikuwa amenunua manjano, ile bizari ya kutia rangi mchuzi, kwa mama mmoja wa Embu aitwaye Wamuyu. Huyo Wamuyu alifanya kazi miaka mingi katika duka la viungo la Wahindi, na huko akajifunza jinsi manjano yanavyotumika katika Ayurveda, yaani tiba yao ya tangu kale. Kila aliyenunua kwake alipewa karatasi ya maelezo.

"Kathambi, nisomee," Nyanya akasema tulipofika nyumbani.

Nilikuwa jikoni namenya viazi. Nje Lorna na wenzake walikuwa wananiita tukacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Damu ikanichemka. Kwa nini mimi? Kwa nini kila siku mimi?

Nikasoma mbiombio. Mwenye kikohozi atie kijiko kidogo cha manjano katika maziwa ya moto, pamoja na pilipili manga kidogo. Anayeumwa na magoti atie manjano kwenye mchuzi wake. Nyanya alifurahi, maana magoti yake yanamsumbua tangu zamani. Chini kabisa zilibaki sentensi mbili. Sikuzisoma.

"Na sisi wenye ugonjwa wa sukari, watu wa vidonge?" akauliza. "Wametuambia nini?"

"Hakuna, Juju," nikamjibu. Hivyo ndivyo tunavyomwita nyumbani. "Hawajasema lolote."

"Kwa hiyo naweza kuviacha? Vinanisokota tumbo sana."

"Ndiyo, Juju." Nilikuwa tayari nimeshika mlango.

Nasema wazi ili nisieleweke vibaya. Sikukosea kusoma. Nilidanganya, kwa sababu ya mchezo wa kati.

Wiki tatu zilipita. Nyanya alikunywa maziwa ya manjano asubuhi na jioni, na vidonge vikabaki kabatini. Akaanza kunywa maji jagi baada ya jagi. Alienda chooni kila mara na kulalamika kwamba macho hayaoni vizuri. Nilimsikia, nikaendelea na mambo yangu. Jumatatu asubuhi Mama alimkuta ameketi kwenye matuta ya viazi, hawezi kusimama wala kutaja jina la Mama.

Hospitalini daktari alipopima sukari yake alikasirika waziwazi. "Kiasi hiki? Nani alimwambia aache dawa?"

Nyanya hakuweza kujibu. Mama akasema alichokijua, kwamba Nyanya alikuwa akinywa manjano ya mama mmoja wa Ruiri anayeuza na karatasi. Mjomba Mbaabu, kaka yake Mama, alikuwa amesimama mlangoni. Mjomba ni mtu wa hasira za karibu.

"Huyo mama nitamwonyesha," akasema. "Kathambi, wewe unamjua. Siku ya soko tunaenda."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Daktari alikuwepo, Mama alikuwepo, na mdomo ulikuwa wangu. Nikanyamaza. Vibaya zaidi, nilijilazimisha kumkasirikia Wamuyu. Usiku na mchana nilijiambia kwamba yeye ndiye mbaya, kwamba asingeleta manjano yake Nyanya asingeugua. Nilikasirika mpaka nikakaribia kuamini.

Siku ya soko Mjomba alinipakia kwenye pikapu yake ya viazi. Tulimkuta Wamuyu ameketi nyuma ya mabeseni yake ya bizari, iliki na tangawizi. Mjomba hata hakusalimia. Aliliinua beseni la manjano, akalimwaga lote matopeni.

"Wewe! Nimekukosea nini?" Wamuyu akaruka.

"Umemlaza mama yangu hospitalini na huu unga wako wa uongo! Ulimwambia aache dawa!"

Watu wakajaa mara moja. Mmoja akapiga kelele, "Apelekwe kwa chifu!" Mwingine nyuma yake akasema, "Chifu wa nini? Si tumalizane naye hapahapa?" Kijana mmoja akaanza kuyapiga mateke yale mabeseni mengine.

Wamuyu alikuwa amekasirika kutuzidi sisi wote. Alichomoa karatasi kwenye mfuko wa aproni akaninyooshea.

"Mimi sijawahi kumwambia mtu yeyote aache dawa ya hospitali. Huyu msichana si anasoma? Nakukumbuka, ulikuja na nyanya yako. Soma kwa sauti. Kila mtu asikie, halafu mnifanye mnavyotaka."

Nikaanza. Maziwa, pilipili manga, kikohozi. Mchuzi, magoti. Nikafika pale nilipoachia siku ile. Ningeweza kuishia hapo tena. Mjomba hakuwa na haja ya karatasi, hasira yake ilimtosha, na wale wengine hawakujali. Nilimtazama yule kijana, ameinua beseni la iliki juu, anangoja tu nimalize. Nikaona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto.

Nikasoma, "Manjano ni kiungo cha chakula. Mtu anayetumia dawa za hospitali asiziache hata siku moja, na amwulize daktari kabla ya kunywa manjano kila siku."

Mjomba akanigeukia.

"Kwa nini mama yangu hakuambiwa hayo?"

"Aliuliza, akaambiwa hakuna."

"Na nani?"

"Na mimi."

Sijawahi kuona uso wa Mjomba ukibadilika vile. Hakunipiga. Alipiga magoti matopeni, mtu mzima mzima, akaanza kuzoa manjano yasiyofaa tena kitu, huku akisema, "Nisamehe, mama. Nisamehe." Wale waliotaka kumalizana na Wamuyu walipotea mmoja mmoja. Wamuyu akasema, "Kwanza mrudi mkamtunze mgonjwa. Halafu uniletee kiungo changu kama kilivyokuwa." Mjomba alimlipa beseni zima wiki iliyofuata, na gunia la viazi juu yake.

Tuliporudi hospitalini siku ile, Nyanya alikuwa ameanza kupata nafuu. Alikuwa amerudia kumeza vidonge, na daktari alikuwa amempa vya aina nyingine visivyomsumbua tumbo. Nilimweleza yote mbele ya Mama na Vincent. Nilitarajia anibembeleze, kama kawaida yake.

"Nimekasirika," akasema. "Na kesho nitakuwa bado nimekasirika, kwa hiyo usilie ukidhani nitasahau. Sikukasirikii kwa kuugua kwangu. Nakasirika kwa sababu mama wa watu alikaribia kupigwa kwa ajili ya neno ulilosema wewe. Mimi sijui kusoma, Kathambi, na sijawahi kuona haya, kwa sababu nilikuamini. Ukichoka, sema umechoka. Nitangoja hata mpaka kesho. Lakini usiniambie hakuna kilichoandikwa, na wewe hata hujatazama. Anayesomea mwenzake ameshika maisha yake."

Muuguzi akaingia na karatasi ya namna ya kutumia vile vidonge vipya. Mimi, kwa mazoea, nikanyoosha mkono. Nyanya aliipokea yeye mwenyewe, akaipitisha mbele ya macho yangu, akampa Vincent.

"Soma wewe," akamwambia. "Polepole, mpaka chini."

Vincent akasoma, akikwamakwama kwenye maneno ambayo mimi ningeyasoma bila taabu. Niliketi ukingoni mwa kitanda, mikono yangu mitupu mapajani, nikasikiliza kila mstari mpaka wa mwisho.