Nyumba Isiyo na Msumari

Harufu ilianza mchana, jua likiwa utosini: harufu ya chuma kinachoungua, kama ukipita karibu na mtu anayechomelea geti. Nyamizi akanusa kanga yake, akanusa jiko, akamnusa na mtoto. Sasa chuma kitoke wapi? Nyumba ile, nje kidogo ya Kakese, haikuwa na hata msumari. Nguzo zimefungwa kwa kamba, juu nyasi, mlango umeshikiliwa na vipande vya tyubu. Ndivyo walivyotaka wenye mashine, watu wa chuo kimoja Dar, maana mashine yao iliyofukiwa uani inapima usumaku wa dunia, na chuma kikipita karibu inadanganyika. Mlinzi wake ni Abednego, mume wa Nyamizi. Hata simu ilikaa mbali, imening'inizwa kwenye mninga.

Kilikuwapo kisu kimoja tu. Mama yake Nyamizi alikiweka chini ya godoro siku mtoto, Sikujua, alipozaliwa, kama wanavyofanya kwao, chuma kimlinde mtoto na vinavyopita. Abednego alikitoa, akakiacha dukani kwa Bi Zuhra bila kusema kilikotoka, halafu akaenda Usevya kuvuna mpunga. Tangu hapo Nyamizi alikuwa anaongea na mtoto wa miezi miwili tu, na mtoto hajibu.

Simu ikaita. Akaikimbilia. Alikuwa Evaline, mtaalamu wa chuo.

"Mama Siku, mashine imetikisika sasa hivi. Umepitisha chuma?"

"Hapana, dada. Ila kuna harufu."

Evaline akacheka. "Harufu ni ya huko kwako. Hii imetoka juu. Jua linapuliza upepo wake, ukifika mbele ya dunia unajikusanya kama maji ya mto mbele ya jiwe. Kuna wakati pale mbele linavimba povu la moto, linausukuma upepo wenyewe kurudi nyuma, na ngao ya dunia inayumba. Mbali sana, usiogope."

"Huo moto una moshi?"

"Moshi utoke wapi? Hakuna kinachoungua."

Nyamizi akakaa chini palepale. Moto usio na moshi. Bi Zuhra husema ndivyo majini walivyoumbwa.

Kesho yake mchana upepo ukasimama, kuku wakalala wote wakiangalia upande mmoja, ikaja sauti kama ya mchele unaopepetwa juu ya paa, na Sikujua aliyekuwa analia akanyamaza, akaanza kumchekea mtu pembeni ya kitanda ambapo hapakuwa na mtu, joto likamsogelea Nyamizi begani taratibu kama anavyosogea mtu anayetaka mkae pamoja, na kibaya zaidi, kibaya ambacho hakumwambia yeyote, ni kwamba kwa upweke aliokuwa nao alitaka kuliegemea, mpaka alipomgusa mtoto utosini akakuta panachoma kama kifuniko cha sufuria.

Alimbeba, akakimbia hadi dukani, akamweleza Bi Zuhra habari za kisu na za ile sauti.

"Nyie mmetoa chuma kwenye nyumba ya mtoto mchanga?" Bi Zuhra alinong'ona, ingawa hapakuwa na mteja. "Huyo mumeo akiambiwa mashine inataka avae gauni, atavaa!"

"Ndiyo kazi yetu, bibi. Wakiona chuma tena wanatutoa."

"Na jini huyo akimchukua mtoto, utanyonyesha mashine?" Akamfunika Sikujua kitambaa cha maji. "Laleni hapa. Asubuhi tunarudi wote. Anatolewa palepale alipoingilia."

Wakarudi. Bi Zuhra akakaa kitandani, mtoto mapajani, kisu kando yake, akasoma dua kwa sauti ya chini. Jua lilipofika utosini sauti ya mchele ikaja, ikazunguka nyumba, ikazunguka tena. Haikuingia. Kwenye mninga simu ikaanza kuita.

"Kapokee," Bi Zuhra akasema, jasho linamtiririka. "Inanivuruga."

Nyamizi hakusubiri salamu. "Dada, ni kisu. Nimekiingiza mimi. Mtufukuze tu."

Safari hii Evaline hakucheka. "Kisu nimekiona tangu mlipoingia nacho. Kimetulia. Nauliza hiki kinachozunguka nyumba."

"Si ulisema kiko juu?"

"Juu leo kumetulia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwenye mashine naona kimesimama mlangoni. Subiri. Kimeondoka mlangoni. Mama Siku, kinakuja uliko wewe. Rudi ndani!"

Nikirudi narudi nacho, Nyamizi akawaza. Harufu ikampiga usoni. Joto likatua begani, lilelile, pole kama la mtu aliyekuwa anamtafuta siku nyingi.

"Kinanitaka mimi?"

"Wewe."

Ndani Sikujua akalia, kilio cha njaa, cha mtoto mzima. Maziwa yakamtoka Nyamizi, yakalowesha blauzi. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaipa nyumba mgongo, akaingia porini.

"Bado kinanifuata, dada?"

"Bado."

"Afadhali," akasema, anatembea. "Niongeleshe basi. Usikate."